Shimo la Mungu: Bonde Lililoitwa Shimo

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mkoani Mtwara. Hapo ardhi hukatika ghafla. Chini hulala bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Pameitwa Shimo la Mungu. Mwaka 1866 David Livingstone, akitokea Mikindani, alilipita bonde hilo kwa miguu akielekea bara. Mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani, alikaa Newala, juu ya genge.

Wageni husifu mandhari. Neno hili asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya kutazama. Basi mandhari humtaka mtu aliyesimama, asiye na mzigo. Lakini uwanda wa Makonde ni mkavu, na maji yalipatikana chini. Kabla ya mabomba, wanawake waliteremka genge na kulipanda tena, mitungi kichwani, macho njiani.

Kwa maoni yangu, jina limehifadhi jasho lao: bonde hutazamwa, shimo huingiwa. Washairi wenzangu, tukilisifu bonde hilo, tusimsahau mwenye mtungi.