Wabebaji wa Wagonjwa: Huduma ya Uuguzi Vijijini Mbulu na Hanang

Injili ya Marko inasimulia habari za watu wanne waliombeba jirani yao aliyepooza hadi mbele ya Bwana. Historia ya uuguzi katika Mbulu na Hanang nayo ni historia ya wabebaji.

Mnamo mwaka 1955 wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei walifungua hospitali ya vitanda 50 huko Haydom, wilayani Mbulu. Dkt. Ole Halgrim Evjen Olsen alifika mwaka 1961, akaiongoza kwa miongo mingi. Lakini hospitali moja haikuweza kumngojea kila mama afike mlangoni. Kwa hiyo wauguzi walitoka kwa gari na kwa ndege ndogo, wakapima watoto, wakachanja, wakawaangalia wajawazito karibu na nyumba zao. Mwaka 1984 chuo cha uuguzi kilianzishwa papo hapo Haydom.

Wananchi nao walishika upande wao wa machela. Baada ya majaribio ya Igunga yaliyoanza mwaka 1996, Hanang ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kupokea Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao uliwekewa sheria mwaka 2001. Kaya ilitoa mchango mmoja kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kilekile kwa utaratibu ulioitwa "tele kwa tele". Aidha, Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulipolenga zahanati kwa kila kijiji, ulitegemea pia nguvu za wanakijiji katika ujenzi.

Hata hivyo, mchango wa mkupuo ni mzigo mzito mwaka ambao mvua imekataa. Sheria ya 2001 iliweka nafasi ya msamaha kwa wasio na uwezo; lakini msamaha huhitaji mtu wa kumtambua fukara, naye fukara huona haya kujitaja. Hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 haiondoi haja hiyo.

Hapa ndipo usharika una kazi isiyoweza kufanywa na daktari. Mzee wa kanisa ndiye ajuaye ni mlango upi haujafunguliwa tangu juzi. Yule aliyepooza hakuomba kubebwa mbele ya watu. Jirani zake waliona kwamba hawezi kutembea, wakainua kitanda.