Ngitili: Malisho Yaliyokuwa na Kalenda

Ndugu zetu wa Kwimba, Misungwi na Magu, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kila mwaka tunapokutana tunachangia darasa, zahanati au kisima. Mwaka huu tunaomba tuzungumze nyasi, na itabidi turudi nyuma kidogo.

Wazee wetu hawakuchunga ovyo. Masika ng'ombe walikaa juu, kwenye miinuko na vichaka. Baada ya mavuno waliingia mashambani kula mabua, wakaacha samadi humo humo. Na lilikuwapo eneo ambalo hawakuligusa kabisa tangu mvua za kwanza: ngitili. Nyingine zilikuwa za mji mmoja, nyingine za wote. Ilifunguliwa kiangazi kikali, mabua yakiisha, tena kwa vipande: kimoja kiishe ndipo kingine kifunguliwe. Wa kwanza kuingia mara nyingi walikuwa ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia. Aliyevunja mwiko aliitwa kwenye dagashida akatozwa faini, na hakuna aliyemwonea huruma.

Sababu yake mchungaji yeyote anaijua. Nyasi zikiliwa huota tena kwa akiba iliyo mizizini. Zikiliwa tena kabla ya kurudisha akiba hiyo, mizizi hufupika, na mwishowe hufa. Ardhi hubaki wazi, hugandamana kwa kwato, na mvua badala ya kuzama hutiririka juu juu na kubeba udongo. Mto Simiyu ukifurika, tope linaloingia Ghuba ya Speke ni malisho yetu.

Mambo yaliharibika polepole. Pamba ilileta fedha, fedha ikanunua ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe ndiye aliyekuwa benki. Mashamba nayo yakala malisho. Waingereza waliliona tatizo, na hapo tuwe wakweli: hawakukosea kuliona. Mwaka 1947 walianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, wenye makao Malya. Walichimba malambo na kufyeka mapori ya mbung'o upande wa Geita ili watu wahamie. Lakini pia walihesabu ng'ombe, wakaamuru wapunguzwe kwa lazima, na kuweka kodi ya mifugo na amri za matuta. Mtu aliambiwa auze ng'ombe wa mahari ya mwanawe kwa sababu ya hesabu ya ofisini. Watu wakagoma. TANU, iliyokuwa imenyimwa usajili katika Jimbo la Ziwa tangu 1954, ilipata wafuasi wengi kutokana na hasira hiyo, na mwaka 1958 Geita na Mwanza zikawaka. Amri zile zikafa. Kwa bahati mbaya, tangu hapo neno "kupunguza mifugo" likitamkwa kwetu, mkutano unavunjika.

Pigo la pili tulilipata mikononi mwa Serikali yetu wenyewe. Mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji, miji ilihamishwa na ngitili zikaachwa nyuma bila mwenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe kinaliwa na kila mpita njia. Ndugu zetu wengi wakachukua mifugo na kuondoka: Rukwa, Usangu, Kilombero. Huko nako wengine wamefukuzwa.

Lakini jirani zetu wa Shinyanga walirudi. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianza 1986, wakati ngitili zilizosalia mkoani zilikuwa takriban hekta 600 tu. Wataalamu walianza kwa kugawa miche, kisha wakagundua kuwa wenyeji wana jambo lao la zamani linalofanya kazi vizuri zaidi: funga eneo, visiki na mizizi vitachipua vyenyewe. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, ngitili zilizidi hekta 300,000. Pamoja na majani ya kiangazi zilirudi kuni, nyasi za kuezekea, dawa na asali. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hakuna aliyeamriwa kuuza ng'ombe. Waliopanga na waliolinda walikuwa wenye mifugo wenyewe, kwa dagashida na sungusungu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu mkutano mkuu wa kijiji kutenga eneo la namna hiyo. Kupima mipaka na kuandika mpango kunahitaji fedha, ndiyo maana tumewaandikia.

Ila kuna jambo la aibu kidogo. Wengi wetu tulioko Mwanza mjini, Dar es Salaam na ng'ambo tunatuma fedha nyumbani, kaka au binamu ananunua ndama, nasi tunajivunia zizi tusiloliona mwaka mzima. Ng'ombe hao wako kwenye malisho yale yale, na mwenyewe haji kwenye mkutano wa kijiji kufunga ngitili. Kwa hiyo fomu ya ahadi ya mwaka huu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kiasi cha mchango, kama kawaida. Ya pili inauliza: una ng'ombe wangapi nyumbani, na nani atakuwakilisha siku ya kupanga watakapolishwa?