Moshi Ulioitwa Ukungu

Katika lugha yetu ukungu na moshi ni vitu viwili mbalimbali. Ukungu huja kwa amri ya Mungu, na jua likipanda huondoka pasipo kumwachia mtu lawama. Lakini moshi una mwenyewe: palipo na moshi pana moto, na palipo na moto yupo aliyeuwasha. Kwa hiyo auitaye moshi kwa jina la ukungu huwa amemwachilia mwenye moto kabla ya shauri kusikilizwa. Ndivyo ilivyokuwa London mwezi wa Desemba 1952. Habari zake zastahili kuangaliwa tena, kwa kuwa zatuonyesha jinsi serikali iwezavyo kuficha jambo ambalo kila mtu amekwisha kuliona kwa macho yake.

Tarehe 5 Desemba baridi ilikuwa imeushika mji ule, na upepo ulikuwa umetulia. Hewa baridi ililala chini, na hewa ya vuguvugu ikakaa juu yake mfano wa kifuniko juu ya chungu. Moshi wa makaa ya mawe uliotoka katika dohani za nyumba, za viwanda na za mitambo ya umeme haukupata pa kupitia. Ukachanganyika na ukungu, ukawa mzito, wenye masizi na ukali wa kiberiti. Mabasi yalisimama, magari ya wagonjwa yalishindwa kuona njia, na katika ukumbi wa Sadler's Wells mchezo wa kuimba ulikatizwa kwa sababu watazamaji hawakuweza kuliona jukwaa. Tarehe 9 upepo ulivuma, moshi ukaondoka. Ndipo watu walipoanza kusikia ya kuwa majeneza yalikuwa yakikosekana, na wauza maua walikuwa wameishiwa.

Waziri wa Afya, Iain Macleod, alipoulizwa Bungeni alitoa hesabu yenye kutisha: katika juma lililokwisha tarehe 13 Desemba walikufa watu 4,703 katika London na viunga vyake, hali katika juma kama lile mwaka 1951 walikufa 1,852. Basi twaona kwamba idadi ya wafu haikufungiwa kabatini. Kilichokosekana ni mtu wa kukiri chanzo chake.

Na sababu ya kutokiri haiko mbali. Vita vilikuwa vimeiacha Uingereza na madeni, hata makaa mazuri yakauzwa ng'ambo ili kupata fedha, na raia wakachoma yaliyo duni. Siku chache kabla ya msiba ule, serikali yenyewe ilikuwa imeyaondolea mgao makaa ya vumbi, yaliyo rahisi kwa bei, na kuwahimiza watu wayanunue. Swali la nani aliyewasha moto lingefika mlangoni pa mawaziri wenyewe.

Harold Macmillan, aliyekuwa Waziri wa Nyumba na Serikali za Mitaa, alilijibu Bunge mwezi wa Januari 1953 kwamba haoni haja ya sheria mpya kwa wakati ule. Katika waraka wa siri wa mwaka huo huo aliwashauri mawaziri wenzake waunde kamati, akisema kwamba hawawezi kufanya mengi, ila waweza kuonekana wana shughuli nyingi.

Ukabaki ugumu mmoja. Watu waliendelea kufa kupita kiasi katika miezi ya Januari na Februari, wala ukungu haukuwapo tena wa kusingiziwa. Taarifa ya Wizara ya Afya ya mwaka 1954 ilivihesabu vifo 4,000 hivi kuwa vya moshi, na vile vilivyofuata ikavipa jina la mafua makali. Jina hilo lilidumu karibu nusu karne. Mwaka 2001 wataalamu Michelle Bell na Devra Davis waliyapitia upya madaftari yale yale, wakakadiria vifo 12,000 hivi, na wakaonyesha kwamba mafua yangeweza kueleza sehemu ndogo tu ya vile vilivyobakia.

Haki yatutaka tuseme pia ya kuwa Waingereza walirekebisha mambo. Kamati ya Hugh Beaver, iliyoundwa mwaka 1953, iliutaja moshi kwa jina lake, na mwaka 1956 Bunge likapitisha sheria ya hewa safi. Lakini tusidhani kwamba desturi ile ya majina ilikoma. Huko Beijing, kwa miaka mingi, hewa chafu iliitwa ukungu katika habari za serikali. Mwaka 2008 ubalozi wa Marekani uliweka chombo cha kupima chembe ndogo zipenyazo mapafuni, ambazo vipimo vya serikali vilivyotangazwa havikuzihesabu, ukawa unatangaza matokeo yake kila saa. Mwezi wa Juni 2012 afisa mmoja mkubwa wa China alizitaka balozi za nje ziache kutangaza. Hata hivyo wenyeji walikwisha izoea tarakimu ile, na mwanzoni mwa 2013 serikali ilianza kutangaza vipimo vya chembe hizo katika miji 74. Lakini mwaka 2015 filamu ya Chai Jing juu ya hewa hiyo, iliyotazamwa na mamilioni ya watu, iliondolewa kwenye mitandao ya China baada ya siku chache.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini kilio cha London kilifichua baada ya miaka 50, tena kwa sababu karani alikuwa ameandika kila kifo na tarehe yake, pasipo kujali mawaziri watakiitaje. Pasipo na daftari, kilio husikika siku tatu za matanga, kisha hunyamaza. Basi nasi wanafunzi wa historia, tukitaka kujua miji yetu wenyewe imevuta hewa gani, yatupasa kwanza kuulizia madaftari ya vifo na ya hospitali: yako wapi, huandikwa na nani, na nani aruhusiwaye kuyasoma.