Waliotafuta sekunde iliyopotea

Uwanja wa John F. Kennedy mjini Philadelphia, Marekani, ulibomolewa mwaka 1992. Ni hasara kubwa, kwa sababu hapo ndipo watazamaji wa runinga walipoonyeshwa kwa mara nyingine tukio lililotoka kutokea sekunde chache tu kabla.

Ilikuwa Desemba 7, 1963. Rais Kennedy alikuwa ameuawa majuma mawili nyuma, na mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya vyuo vya Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Wanamaji ilikuwa imeahirishwa kwa juma moja. Mwongozaji wa matangazo wa CBS, Tony Verna, aliyekuwa na miaka 30, alisafirisha hadi uwanjani mashine ya kurekodi ya zaidi ya kilo 500.

Kurekodi hakukuwa tabu. Mashine za mkanda zilikuwapo tangu 1956. Tabu ilikuwa kupata mahali tukio lilipo kwenye mkanda. Mkanda ukirudishwa nyuma haukuonyesha picha, na ukichezeshwa ulichukua sekunde kadhaa kutulia. Basi Verna akapachika milio kwenye mkondo wa sauti: mmoja wachezaji wanapokusanyika kupanga mbinu, miwili wanapojipanga kuanza. Masikio yakafanya kazi iliyowashinda macho.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, mkanda ulikuwa umeshatumika, na picha za vichekesho vya I Love Lucy zikawa zinachomoza katikati ya mchezo. Jaribio moja baada ya jingine likaharibika. Katika robo ya nne, Rollie Stichweh wa Nchi Kavu akapenya na kufunga, na mara hii picha ikarudi safi. Mtangazaji Lindsey Nelson ilibidi awatoe watazamaji wasiwasi: timu haikufunga tena. Wanamaji walishinda 21-15.

Wakanada hawakubali kwamba Verna ndiye wa kwanza kurudia tukio papo hapo. George Retzlaff alirudia bao la hoki mwaka 1955, nao wana haki ya kulidai hilo. Lakini yeye alitumia filamu iliyopaswa kusafishwa kwanza. Mimi nampa Verna heshima hiyo, kwa sababu ile milio yake ndiyo iliyojibu swali lenyewe: tukio liko wapi?

Mwaka 1967 diski ikatoa jibu bora zaidi. Mashine ya HS-100 ya kampuni ya Ampex ilihifadhi sekunde 30 tu, lakini katika duara nyingi zilizojitenga. Kichwa cha kusomea kilirukia duara iliyotakiwa. Kikibaki palepale, picha iliganda, na kikisogea polepole, mwendo ulipungua. Kituo cha runinga cha ABC kiliitumia kwenye michezo ya kuteleza thelujini.

Mwaka 1978 zikaja diski za leza za majumbani. Zile za kasi isiyobadilika zilibeba picha 54,000 kila upande, kila moja na namba yake. Ulipobonyeza namba, picha ilitokea. Kisha DVD, kisha kompyuta.

Leo VAR, mfumo wa video wa kumsaidia mwamuzi wa soka, uliotumika kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza nchini Urusi mwaka 2018, hulaumiwa kila wikendi kwa marudio kama hayo. Mwamuzi hutajwa, hata mchoraji wa mistari ya kuotea hujadiliwa. Anayeketi mbele ya skrini na kuipata fremu ambapo mguu unaugusa mpira kwa mara ya kwanza hatajwi na yeyote, ilhali bila yeye hakuna cha kubishania. Jina lake lingestahili kusomwa hewani pamoja na la mwamuzi.