Plastiki ya Chini ya Bampa: Uitoe au Uiache?

Wapwani wanaofanya biashara Nakuru na viunga vyake si wachache siku hizi, na wenye pikapu miongoni mwao huniuliza swali moja mara kwa mara. Ile plastiki nyeusi inayoning'inia chini ya bampa ya mbele ina kazi gani? Na fundi akisema tuing'oe, tumkubalie? Wa mwisho kuniuliza ni shemeji yangu, ambaye hununua viazi Molo na Mau Narok akavishusha mpaka soko la Kongowea. Jibu lake ni refu kuliko simu, basi naliandika hapa wafaidike na wengine.

Kitu chenyewe ni kizuizi cha hewa. Ni kipande cha plastiki au mpira mgumu, kimo chake aghalabu shubiri moja au pungufu, kilichofungwa chini ya bampa upande hadi upande. Wako mafundi wanaokiita spoila ya mbele, na wako wanaokionyesha kwa kidole tu. Ford Ranger ni mfano wa pikapu inayokuja nacho kutoka kiwandani. Land Cruiser zile za kazi, zinazounganishwa hapa kwetu Miritini, hazijishughulishi nacho: zilichorwa kwa ajili ya njia mbovu tangu mwanzo.

Kazi yake ya kwanza ni kupunguza upepo unaopita chini ya gari. Tumbo la pikapu si laini. Kuna ekseli, bomba la moshi, tangi na fremu, na kila kimoja hugombana na upepo. Kizuizi huusukuma upepo huo kando, gari likapasua hewa kwa wepesi na mafuta yakapungua kidogo. Kazi ya pili, ambayo wengi hawaijui, ni kusaidia kupoza injini. Hewa hupita kwenye rejeta kwa sababu mgandamizo ulio mbele yake ni mkubwa kuliko ulio nyuma. Kizuizi huupunguza ule wa nyuma na wa chini, kwa hiyo hewa huvutwa kwa nguvu zaidi. Chevrolet Corvette ya Marekani ina matoleo yanayovuta hewa ya rejeta kutoka chini ya pua. Yale ukiyang'oa kizuizi, injini huchemka ukiwa barabara kuu. Pikapu hazifiki huko. Hupumua kwa grili, basi hasara ya kukitoa ni ndogo, lakini ipo.

Na Nakuru si Mombasa. Jiji lile liko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa pale umepungua kwa takriban sehemu moja kwa tano ukilinganisha na wetu. Ukipanda kwenda Timboroa unapita mita 2,700. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo zaidi kuliko hewa nzito, ingawa baridi ya kule hufidia kiasi. Jambo jingine ambalo dereva wa Pwani hulisahau: maji yasiyobanwa huchemka Mombasa kwa nyuzi 100, Nakuru kwa karibu nyuzi 94. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachobana mfumo ili maji yasichemke mapema. Gari lenye kifuniko kilicholegea linaweza kukuvumilia Mombasa mwaka mzima, likakuaibisha siku ya kwanza lipandapo mlima na tani moja ya viazi mgongoni.

Sasa, mbona mafundi wa kule hupenda kuitoa? Wana sababu nzuri. Njia za mashambani Njoro, Bahati, Subukia na Mau Narok wakati wa mvua huchimbika mifereji ya magurudumu, na matuta ya barabarani hayana kipimo. Pua ya gari ikiwa chini, plastiki ndiyo inayogusa kwanza. Ingekatika tu ingekuwa afueni. Mara nyingi hupasuka nusu, ikaburuta, ikaingia kwenye tairi, au ikang'oa masikio ya bampa, na bampa si bei ya kitoto.

Uamuzi, kwa maoni yangu, unafuata mwendo wako. Upinzani wa hewa hupanda kwa mraba: ukiongeza mwendo mara mbili, upinzani huwa mara nne. Anayezunguka mashambani kwa kilomita 30 au 40 kwa saa hapotezi kitu cha maana akikitoa. Kwa mwendo huo, na hata kwenye mlima wa polepole, kinachopoza injini ni feni. Anayeteremka Mombasa kila wiki, safari ya zaidi ya kilomita 600 kwa lami, akiache. Shemeji yangu hufanya yote mawili, na ushauri wangu kwake ni akitoe msimu wa mvua, akirudishe kiangazi. Ni kazi ya nusu saa.

Gari lisimame pahali tambarare, injini iwe baridi. Ukilipandisha kwa jeki, weka stendi kabla ya kuingiza kichwa chini. Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja. Pitisha mkono nyuma ya plastiki uone kama kuna waya wa taa za ukungu au kihisi chochote kilichoshikizwa hapo. Fungua bolti na klipu kuanzia pembeni, uache ya katikati mwisho ili kipande kisikuangukie. Klipu zilizozeeka kwa jua huvunjika, kwa hiyo nunua chache mapema.

Hapa ndipo ninapotaka fundi asimamiwe. Chini pale kuna plastiki nyingine mbili ambazo hazifai kutolewa: ngao iliyo chini ya injini, inayozuia mawe na matope, na vile vibao vya pembeni mwa rejeta vinavyoielekeza hewa ipite ndani yake badala ya kuizunguka. Fundi mwenye haraka huvikusanya vyote akakuambia gari sasa linapumua. Halipumui. Hewa hufuata njia rahisi, ikiiacha rejeta.

Ukishakitoa, pakia mzigo wako wa kawaida upande mlima mrefu ukitazama joto. Usitegemee mshale peke yake; katika magari mengi ya kisasa hukaa katikati hata joto likipanda nyuzi kadhaa, kisha huruka ghafla ukiwa umeshachelewa. Kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kompyuta ya gari huonyesha nyuzi zenyewe. Joto likizidi ulivyozoea, angalia kwanza mapezi ya rejeta, maana vumbi la Bonde la Ufa ni laini kama unga na likichanganyika na matope huyaziba kabisa. Yaoshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuja mbele. Kisha kifuniko, kisha klachi ya feni.

Kizuizi chenyewe kiweke kwenye gunia pamoja na bolti zake, juu ya kabati, mbali na jua. Gari likiwa bado na dhamana ya muuzaji, muulize kwanza, na akujibu kwa maandishi.