Kodi ya parsele: ilitoka wapi, na namna ya kuipinga

Watu wengi wa Kivu wanaikumbuka kodi ya parsele siku karatasi ya kulipa inapofika mlangoni. Ukijua historia yake, unajua pia mahali inapoweza kuhesabiwa vibaya.

Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa Mfalme Léopold II ulitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Serikali. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilikwenda mbali zaidi: udongo wote wa nchi ni mali ya Serikali, na raia anapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inathibitishwa na hati ya usajili, ile watu wanayoita sertifika.

Kodi yenyewe ilipangwa na sheria ya tarehe 10 Februari 1969, wakati wa Rais Mobutu. Haitazami bei ambayo nyumba ingeuzwa. Inatazama daraja la mahali, aina ya jengo na ukubwa wake. Villa huhesabiwa kwa mita za mraba, nyumba ya ghorofa kwa kila ghorofa. Hali inayohesabiwa ni ile ya tarehe 1 Januari. Sheria iliwafikiria pia wajane na wazee waliopita miaka 55, wenye mapato madogo na wanaoishi katika nyumba yao wenyewe: wanaweza kusamehewa, lakini lazima wajiandikishe kwenye ofisi ya kodi.

Katiba ya 2006 iliikabidhi kodi hii kwa mikoa. Faili likihama ofisi, kosa lililomo linahama nalo.

Ndiyo maana sababu za kupinga ni za kawaida. Parsele imeandikwa kubwa kuliko ilivyo. Mtaa umewekwa daraja lisilo lake. Jina ni la mtu aliyekwisha kuuza. Au jengo halipo tena: tarehe 22 Mei 2021 moto wa Nyiragongo ulifunika nyumba nyingi kaskazini mwa Goma, na daftari halijui kama nyumba imeungua mpaka mwenyewe aseme.

Malalamiko hufanywa kwa maandishi. Sheria ya 2003 ilitoa miezi 6 tangu kupokea karatasi ya kudai malipo. Mkoa unaweza kuwa na amri yake, kwa hiyo uliza muda siku ileile. Baki na nakala yenye muhuri wa ofisi.

Kwa familia iliyokimbia, kuna jambo moja zaidi. Risiti ya kodi haimfanyi mtu kuwa mwenye parsele, hata akilipa miaka yote mliyokuwa mbali. Sertifika ndiyo inayoamua. Lakini mwingine akiipata kwa jina lake, sheria ya 1973 inasema baada ya miaka 2 haishambuliwi tena. Anayesikia kwamba parsele yake imeandikwa jina jingine asingoje vita viishe.