Kirore cha 1929: Jinsi Shule na Makanisa ya Misheni Vilivyohamwa Katika Nchi ya Wakikuyu

Upungufu wa mahudhurio shuleni na kanisani umezoeleka kuelezwa kwa sababu zinazomlaumu asiyehudhuria: mzazi hajui thamani ya elimu, mtoto amepelekwa kuchunga mbuzi au kuchuma kahawa katika shamba la mlowezi, muumini amepoa imani. Sababu hizo zilikuwepo katika Kenya ya kikoloni na hazipaswi kupuuzwa, kwa kuwa kodi ya kibanda iliwalazimu watu wengi kutafuta vibarua pamoja na watoto wao. Lakini haziwezi kueleza yaliyotokea katika nchi ya Wakikuyu kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka 1929, ambapo shule na makanisa ya misheni kadhaa za Kiprotestanti yalipoteza wanafunzi na waumini kwa wingi katika muda wa majuma tu. Utoro wa aina ile haukutokana na uvivu wala ujinga. Ulikuwa uamuzi wa jamii, uliofanywa na watu walewale waliokuwa wameipenda elimu kuliko majirani zao.

Ili kuelewa kwa nini shule na kanisa vilihamwa kwa pamoja, ni lazima kwanza kuitazama shule ya kijijini ilivyokuwa. Misheni ilikuwa na kituo kikuu, kama Thogoto, Tumutumu na Chogoria kwa Kanisa la Uskoti, au Kijabe kwa Africa Inland Mission, na kituo hicho kilizungukwa na shule ndogo za matawi zilizotawanyika vijijini. Shule ya tawi kwa kawaida ilikuwa nyumba ya udongo na nyasi, iliyojengwa kwa mikono ya wanakijiji wenyewe juu ya ardhi ya ukoo, na ndani yake watoto walijifunza kusoma siku za juma, kisha Jumapili nyumba hiyohiyo ikageuka kanisa, na mwalimu yuleyule akasimama mbele kuhubiri. Waliosoma humo waliitwa athomi, yaani wasomaji, na neno hilo lilimaanisha pia Wakristo, kwa maana hapakuwa na njia ya kuingia katika kimoja bila kingine. Kwa hiyo mwalimu alipoondoka, kengele ya darasa na kengele ya ibada zilinyamaza siku moja.

Ugomvi ulioleta hali hiyo ulihusu tohara ya wasichana, ambayo leo huitwa ukeketaji. Wamisionari, hasa madaktari miongoni mwao, walikuwa wameipinga kwa miaka mingi kutokana na madhara waliyoyaona hospitalini, zikiwemo taabu za uzazi kwa wanawake waliokatwa, na ukweli wa madhara hayo haupingiki. Kwa upande wa Wakikuyu, irua, yaani jando na unyago wao, ndiyo iliyomfanya mtoto kuwa mtu mzima, ikampa rika lake na haki ya kuoa au kuolewa; msichana asiyepita humo hakuwa na mahali pa kusimama katika jamii. Mwezi Machi 1929 mkutano wa viongozi wa makanisa uliofanyika Tumutumu uliilaani desturi hiyo, na baadaye mwaka huohuo Dakta John Arthur, kiongozi wa misheni ya Thogoto aliyekuwa nchini tangu 1907, akaufikisha ugomvi katika hatua isiyo na njia ya kurudi: walimu na wazee wa kanisa walitakiwa kutia sahihi tamko la kuikana tohara ya wasichana pamoja na kujitenga na Kikuyu Central Association, chama cha kisiasa kilichokuwa kikidai ardhi na haki za Wakikuyu.

Tamko hilo ndilo lililoitwa kirore, neno la Kikuyu lenye maana ya alama ya kidole gumba, kwa sababu asiyejua kuandika alichovya kidole katika wino na kukigandamiza kwenye karatasi. Jina hilo linastahili kuangaliwa kwa karibu. Katika miaka hiyo kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, cheti cha kumtambulisha kilichokuwa na alama za vidole vyake, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Na katika wilaya ya Kiambu sehemu kubwa ya mashamba ya koo ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na walowezi kwa nguvu ya karatasi ambazo wenye ardhi hawakuwahi kuzisoma. Kuwadai watu wa namna hiyo kidole gumba kwa jambo la imani, na kuliunganisha jambo hilo na chama kilichowatetea katika suala la ardhi, kulikuwa kosa kubwa ambalo hoja za kitabibu, hata zikiwa za kweli, hazikuweza kulifunika. Minong'ono ikaenea kwamba wasichana wasiotahiriwa wangeolewa na Wazungu na ardhi ingewafuata huko.

Waliokataa waliitwa aregi, yaani wakataaji, na waliotia sahihi wakabaki na jina la kirore. Mwalimu aliyekataa alipoteza kazi, naye alipotoka wanafunzi wake walitoka nyuma yake; mwalimu aliyekubali alibaki na nyumba tupu, kwa kuwa wazazi waliwazuia watoto wao. Wimbo wa dansi ulioitwa Muthirigu, uliowakejeli wamisionari na machifu waliowaunga mkono, ukasambaa vijijini hadi serikali ilipoupiga marufuku mwezi Januari 1930, na mwezi huohuo mmisionari mzee wa Kimarekani, Hulda Stumpf, aliuawa nyumbani kwake Kijabe. Arthur mwenyewe alilazimika kuacha kiti chake katika Baraza la Utendaji la koloni. Misheni za Kikatoliki, ambazo hazikudai kiapo kama hicho, hazikupata hasara ya namna hiyo, na hata ndani ya Kanisa la Kianglikana vituo vilivyolishughulikia suala hilo kwa upole zaidi vilitikisika kidogo. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba kilichowatoa watu kanisani hakikuwa Injili yenyewe.

Tena haikuwa elimu. Manung'uniko kuhusu shule za misheni yalikuwa ya zamani kuliko kirore: wazazi walitaka watoto wao wafundishwe Kiingereza mapema, wakati misheni na serikali, hasa baada ya ziara ya tume ya elimu ya Phelps-Stokes mwaka 1924, zilisisitiza kilimo na kazi za mikono. Mara baada ya kuondoka, aregi walianza kujenga, wakikutana kwanza chini ya miti na katika vibanda, hadi mwaka 1934 chama cha shule huru kilichojulikana kwa kifupi KISA kikaundwa rasmi huko Gituamba, Murang'a. Kundi la pili, lenye nguvu zaidi Kiambu, lilijiita Karing'a, neno lenye maana ya asiyechanganyika, nalo halikutaka uangalizi wa serikali wala wa misheni. Nyumba ya ibada iliwasumbua kuliko darasa, kwa sababu darasa linaweza kuendeshwa na yeyote aliyesoma, ilhali ubatizo unahitaji kasisi, na watoto waliozaliwa baada ya 1929 walikuwa wakikua bila kubatizwa. Ndiyo maana Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa Kanisa la Othodoksi la Kiafrika aliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1935, akawafundisha vijana huko Gituamba na kuwaweka wakfu mwaka 1937. Kutokana na kazi yake yakatokea makanisa mawili yaliyo hai hadi leo, moja la Kipentekoste huru na jingine la Kiothodoksi.

Jengo kubwa zaidi lililotokana na mahudhurio yale yaliyokufa ni Chuo cha Walimu cha Githunguri, kilichofunguliwa mwezi Januari 1939 chini ya Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka Marekani na shahada ya uzamili. Fedha za chuo zilichangwa kwa marika, kila rika likishindana na jingine lisije likaitwa bahili. Wanawake nao walichanga fedha zao kujenga bweni la wasichana, na jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa katika ugomvi wote wa 1929 uliohusu miili ya wasichana, si misheni wala chama kilichoketi na wasichana wenyewe kuwauliza walichotaka. Upungufu huo wa pande zote mbili haujasahihishwa na ushujaa wa shule huru, kwa maana desturi iliyotetewa iliendelea kuwaumiza waliotetewa.

Baadhi ya waliotoka walirudi misheni katika miaka iliyofuata, wakivutwa na walimu wenye vyeti na ruzuku ya serikali, na kwa hiyo kijiji kimoja kiliweza kuwa na shule mbili zilizotazamana, ndugu wa tumbo moja wakigawanyika asubuhi njiani. Hali ilibaki hivyo hadi Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Serikali ilizihesabu shule huru kuwa vitalu vya uasi wa Mau Mau, ikazifunga nyingi, na nyingine ikaziweka chini ya bodi za elimu za wilaya, ikiwemo Manguo karibu na Limuru, ambako mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi. Chuo cha Githunguri kilifungwa pia, na mahali ambapo marika yalishindana kutoa sarafu, serikali ikasimamisha mti wa kunyongea watu.